Marejeo ni Ngamani

Yako maneno mawili mafupi ambayo msomaji huyapita mara nyingi bila kuyafikiri, nayo ni haya: "Tazama sura." Mwandishi anaeleza jambo katika sura ya tatu, na ili asirudie maelezo yaliyokwisha kutolewa, humwambia msomaji atazame sura ya saba. Msomaji naye huamini kwamba sura ya saba iko, kwamba ina jambo alilotajiwa, na kwamba jambo hilo lingali kweli. Imani hiyo ndogo ndiyo kamba inayozifunga kurasa za kitabu pamoja. Kamba ya kitabu cha mtu mmoja ikikatika, mwenyewe huweza kuiunga. Lakini kitabu cha watu wengi, kila mtu na sura yake, kila mtu na mji wake, kila mtu na wakati wake, kamba yake ikikatika huenda miaka mingi ikapita kabla ya mtu yeyote kutambua.

Nataka kukusimulia, msomaji, habari za kitabu cha namna hiyo. Kilianza kuwa kitabu kimoja chenye jalada moja, kisha kikakua kikawa vitabu na ripoti nyingi, zote zikieleza nchi moja, nchi ya Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa, na zote zikitajana. Kila moja ilikuwa kama sura, na kila sura iliiegemea nyingine. Yaliyoipata kazi hiyo yanafaa kujulikana na kila kijana atakayeandika historia, au kitu kingine chochote, pamoja na wenzake.

Mwaka 1926 kijana aitwaye Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, alifika Nakuru na msafara wake wa kwanza wa kuchunguza mambo ya kale. Nchi aliyoifikia unaijua, au wapata kuiona upitapo katika barabara ya Nairobi: Ziwa Nakuru chini ya mlima Menengai, Ziwa Elmenteita upande wa kusini-mashariki, na mlima Eburru nyuma yake. Juu ya maziwa hayo, kando ya vilima, huonekana fuo za kale, mistari ya changarawe na mchanga iliyoachwa na maji mahali ambapo leo hapana maji kabisa. Mtu yeyote azionapo hana budi kujiuliza: maji haya yalipanda lini, na nani alikaa ufukoni?

Leakey na wenzake walichimba karibu na Nakuru, wakachimba Elmenteita, na katika pango lililoitwa Gamble's Cave, kwa jina la mwenye shamba, wakakuta tabaka juu ya tabaka la majivu, mifupa na visu vya obsidiani, jiwe lile jeusi la volkano ling'aalo kama kioo. Katika msafara wa pili, wa mwaka 1928 na 1929, mashoka ya mawe ya kale zaidi yalipatikana Kariandusi, karibu na Gilgil. Mwaka 1931 kitabu kilitoka huko Cambridge, kikieleza tamaduni za zama za mawe za Kenya.

Jina la Leakey ndilo lililokuwa juu ya jalada, lakini kitabu hakikuwa cha mkono mmoja. Mwishoni mlikuwa na nyongeza za wataalamu wengine: J. D. Solomon aliandika juu ya miamba, A. T. Hopwood juu ya mifupa ya wanyama wa kale, M. Connolly juu ya konokono na makombe, H. C. Beck juu ya shanga, na C. E. P. Brooks juu ya mabadiliko ya hali ya hewa ya Afrika yakilinganishwa na yale ya Ulaya. Tena walikuwako wachimbaji Waafrika, ambao bila macho yao na mikono yao hayangepatikana mengi ya kuandika. Mmoja wao, Heselon Mukiri, alifanya kazi na Leakey kwa miaka mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mambo ya kale ya nchi hayawezi kujulikana na mtu mmoja. Ushirika ule ulikuwa jambo jema.

Lakini ushirika una deni lake. Wengi wakiandika, kila mmoja hana budi kuegemea neno la mwenziwe katika jambo asilolijua mwenyewe. Mchimbaji wa mambo ya kale alishika kisu cha obsidiani akataka kujua umri wake. Kisu hakisemi. Basi alimtazama mtaalamu wa miamba, aliyemwambia kwamba tabaka lile ni la zama fulani za mvua nyingi. Wakati huo wataalamu wengi walisadiki kwamba Afrika ya Mashariki ilipita katika zama za mvua nyingi na zama za ukavu kwa zamu. E. J. Wayland, aliyeiongoza idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda tangu mwaka 1919, alilieneza wazo hilo. Msweden Erik Nilsson alizipima fuo za kale za maziwa ya Bonde la Ufa na kuziandikia. Ikadhaniwa kwamba wakati barafu ilipofunika Ulaya, mvua ilinyesha kwa wingi huku kwetu; basi kama zama za barafu za Ulaya zina umri unaojulikana, zama za mvua za Afrika nazo zimejulikana umri.

Zama hizo zilipewa majina, na hapo ndipo Nakuru ilipoingia katika vitabu vya dunia. Zilikuwako zama za mvua za Kagera, za Kamasia, za Kanjera, na za mwisho zikaitwa za Gamble, kwa sababu ya lile pango. Baada yake zikatajwa nyakati mbili fupi za mvua: wakati wa Makalia, kwa jina la mto uingiao Ziwa Nakuru kutoka kusini, na wakati wa Nakuru yenyewe. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Nairobi katika mkutano wa kwanza wa Afrika nzima wa mambo ya kale, na mpango huo wa zama za mvua ukakubaliwa kuwa kipimo cha wote. Tangu siku ile mtu aliyechimba mahali pengine mbali aliweza kuandika kwamba tabaka lake ni la zama za Gamble, na msomaji akaelewa, au akadhani ameelewa.

Sasa nakuomba utazame kwa makini kamba zilivyofungwa. Neno "Gamble" katika ripoti ya mtu wa mbali lilikuwa na maana hii: tazama sura ya Elmenteita. Sura ya Elmenteita ilisema: tazama sura ya fuo za ziwa. Sura ya fuo za ziwa ilisema: tazama zama za barafu za Ulaya. Visu vya obsidiani vya Gamble's Cave navyo viliitwa "Aurignac ya Kenya", kwa kuwa vilifanana na visu vilivyopatikana karibu na Aurignac, huko Ufaransa. Nalo jina hilo lilimwambia msomaji atazame Ufaransa. Baadaye vikaitwa "Capsa ya Kenya", jina litokalo Gafsa, Tunisia. Mtu aliyekaa chini ya Eburru na kuchonga jiwe la Eburru akawa hana jina ila la mahali asikowahi kupasikia.

Kuelekeza mbali si kosa. Hatari iko katika kuelekezana. Mara nyingine mtaalamu wa miamba, akikosa alama nyingine ya kuutambua umri wa tabaka, alitazama zana za mawe zilizomo ndani yake. Na mwenye zana, akikosa njia ya kujua umri wa zana, alitazama jina la tabaka. Fikiri shule ya bweni isiyo na saa. Mpishi huwasha moto asikiapo kengele, na mpiga kengele huipiga aonapo moshi wa jikoni. Kwa siku nyingi mambo yaweza kwenda sawa. Lakini usiku mmoja mpishi akidhani tu kwamba amesikia kengele, atawasha moto. Mwenziwe ataona moshi, atapiga kengele. Na shule nzima itaamka usiku wa manane, huku kila mmoja wa wale wawili akiapa kwamba anaye shahidi. Mashahidi wawili wanaosikilizana wenyewe kwa wenyewe ni sawa na shahidi mmoja.

Shaka iliposemwa waziwazi ilikuwa mwaka 1958 na mwaka 1959. H. B. S. Cooke kwanza, kisha Mmarekani Richard Foster Flint, waliupitia upya ushahidi wa zama za mvua, wakaona kwamba nguzo zake nyingi hazikuwa imara. Ziwa hupanda kwa mvua, hilo ni kweli. Lakini hupanda na kushuka kwa sababu nyingine pia. Ardhi ya Bonde la Ufa haikutulia. Sehemu moja huzama, nyingine huinuka, lava huziba mto, na ufuko uliokuwa tambarare hupindika. Tena, changarawe mbili zilizo katika nchi mbili si za wakati mmoja kwa sababu tu zote mbili ni changarawe za maji. Hata katika umri wa wazazi wako Ziwa Nakuru limeonyesha ugeugeu wake: katikati ya miaka ya 1990 lilipungua sana, na tangu miaka ya 2010 limepanda likafunika miti na njia zilizokuwa kavu. Ziwa ni shahidi mwenye maneno mengi, nalo hutaka kuulizwa maswali mengi.

Wakati huohuo ilikuwa imepatikana saa isiyotegemea jina la mtu wala la mahali. Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba umri wa mkaa, mfupa au kombe waweza kupimwa kwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa kadiri ijulikanayo. Kila miaka 5,730 hivi, nusu yake huwa imekwisha. Libby alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Mkaa wa Gamble's Cave na makombe ya fuo za kale hayakuwa na haja tena ya kutazama Ufaransa. Yaliweza kuulizwa yenyewe.

Jibu lake lilikuwa zito. Mwaka 1972 wataalamu wanne, Butzer, Isaac, Richardson na Washbourn-Kamau, waliandika pamoja juu ya umri wa maziwa ya kale ya Afrika ya Mashariki. Ilionekana kwamba ziwa lile kubwa lililounganisha Nakuru na Elmenteita, ambalo maji yake yalisimama zaidi ya metre 150 juu ya maji ya leo, lilikuwako kati ya miaka 10,000 na 8,000 hivi iliyopita. Wakati huo barafu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuyeyuka kwa sehemu kubwa. Na wakati barafu ilipokuwa nyingi kabisa, miaka 20,000 hivi iliyopita, maziwa yetu yalikuwa madogo na nchi ilikuwa kavu. Ile kamba kubwa, iliyofunga mvua ya Afrika na barafu ya Ulaya, ilikatika katikati.

Jina la Kamasia nalo lilionyesha udhaifu wake. Lilitoka katika vilima vya Kamasia huko Baringo, viitwavyo leo vilima vya Tugen. Kwa jina hilo watu walifunga pamoja matabaka ya Baringo na yale ya Kariandusi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba vilima vya Tugen vina matabaka ya umri mwingi na tofauti, mengine yakizidi miaka milioni 10, na hali mashoka ya Kariandusi ni ya miaka milioni 1 hivi. Jina moja lilikuwa limebeba mizigo isiyokaa katika tumbo la chombo kimoja.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba hapa pana jambo la kufurahia: kosa limeonekana, kosa limesahihishwa, basi. Lakini ngoja. Sura iliyosahihishwa ilikuwa moja. Sura zilizoitegemea zilikuwa nyingi, nazo zilikuwa zimekwisha kuchapwa, kununuliwa na kusomwa. Hakuna aliyekuwa na orodha ya kila ukurasa uliosema "tazama Gamble". Mwandishi wa sura ya kwanza hakuwajua wote waliomwegemea, na waliomwegemea hawakupata habari kwamba nguzo imehamishwa. Mwanafunzi aliyefungua kitabu cha zamani baada ya mwaka 1972 aliweza kusoma jambo lililokwisha kuachwa, likiwa limeandikwa kwa wino uleule na kwa uhakika uleule kama jambo la kweli.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi kosa linavyosafiri. Katika matabaka ya Gamble's Cave yaliyoitwa ya Aurignac vilitajwa vigae vichache vya vyungu. Kama tabaka ni la zama za barafu, basi vigae ni vya zama za barafu. Na kama ni hivyo, watu wa Bonde la Ufa walifinyanga vyungu mapema kupita kiasi. Hoja hiyo haikuwa na kasoro katika mwendo wake. Kasoro ilikuwa katika kituo ilipoanzia. Matabaka hayo yalipopimwa yakaonekana kuwa ya miaka 8,000 hivi, hoja nzima ilianguka, ijapokuwa hakuna aliyevigusa vigae.

Mfano wa pili ni wa utamaduni wa Elmenteita. Leakey aliuweka katika wakati wa mvua wa Makalia. Mwaka 1938 yeye na mkewe Mary walichimba pango la mto Njoro, wakakuta mabaki ya makumi ya watu waliochomwa kwa maziko, pamoja na bakuli za mawe na shanga nyingi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1950. Mkaa wa pango hilo ulipopimwa ulionyesha miaka 3,000 hivi tu. Leo twajua kwamba watu wa utamaduni wa Elmenteita walikuwa wafugaji. Angalia tofauti: mwanafunzi aliyefuata rejeo la zamani aliwaona wawindaji wa mbali sana, aliyefuata rejeo jipya anaona wenye ng'ombe na mbuzi, watu ambao maisha yao angeweza kuyatambua katika nyanda za Nakuru.

Mfano wa tatu una uchungu zaidi, kwa kuwa unagusa masimulizi ya watu walio hai. Vyungu vya aina fulani vya Nakuru viliitwa "vya Gumba", kwa jina la watu wanaotajwa katika mapokeo ya Wakikuyu kuwa walikaa milimani kabla yao. Jina lilipendeza, likashika. Lakini vyungu vile vina umri wa maelfu ya miaka, na mapokeo ya Wakikuyu yanahusu nchi nyingine na wakati wa karibu zaidi. Kwa kuazima jina, mwandishi alifunga kamba kati ya sura mbili ambazo hazikuwa zimekutana: sura ya wazee wasimuliao na sura ya jembe la mchimbaji. Waandishi waliofuata walilazimika kuifungua, wakawa wanasema tu "wafugaji wa zama mpya za mawe", jina lisilo tamu, lakini lisilodai lisichoweza kulipa.

Sasa tuulize: dawa ilikuwa nini? Mwaka 1965 wataalamu walikutana Burg Wartenstein, huko Austria, wakazungumza kwa muda mrefu juu ya maneno yenyewe: lipi litumike, kwa maana gani, na lipi liachwe. Katika mazungumzo ya namna hiyo, na katika kazi ya miaka iliyofuata, zilitokea kanuni tatu ambazo wewe pia waweza kuzitumia.

Kanuni ya kwanza ni kuelekeza kwenye kitu, usielekeze kwenye hukumu iliyotolewa juu ya kitu. Tabaka la nne la pango fulani ni kitu. Litabaki kuwa tabaka la nne hata maoni yakibadilika mara kumi. "Zama za Gamble" ni hukumu. Mwandishi asemaye "tazama tabaka la nne" amemfunga msomaji wake kwenye mwamba. Asemaye "tazama zama za Gamble" amemfunga kwenye mashua, nayo mashua husogea. Ndiyo sababu mwaka 1980 Ambrose, Hivernel na Nelson walipoacha jina la Capsa ya Kenya walichagua jina la Eburru. Mlima uko mahali pake, na jina halimtumi msomaji Tunisia wala Ufaransa.

Kanuni ya pili ni kukipa kila kitu alama isiyobadilika. Mashamba ya Bonde la Ufa yalikuwa na majina ya walowezi, na mahali pengi pa kale paliandikwa kwa majina hayo. Wenye mashamba wakaondoka, mashamba yakagawanywa, majina yakasahauliwa. Hata ramani ilibadilika. Ripoti kubwa ya miamba ya G. J. H. McCall, iliyotolewa mwaka 1967, ina jina la Nakuru, la Thomson's Falls na la Ziwa Hannington. Ukitafuta katika ramani ya leo utaiona Nakuru peke yake. Mji wa Thomson's Falls ni Nyahururu, na Ziwa Hannington ni Bogoria. Majina haya mapya yana haki yake, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini rejeo lililotegemea jina la zamani limebaki likionyesha kidole hewani.

Kwa hiyo mwaka 1971 Charles Nelson alieleza mpango wa kuhesabu mahali pa kale pa Afrika nzima kwa alama. Ramani hugawanywa miraba mikubwa, kila mmoja ukagawanywa miraba midogo ya dakika 15 za latitudo na longitudo. Herufi mbili husimama badala ya latitudo, mbili badala ya longitudo, kisha hufuata nambari ya mahali penyewe. Ndivyo mahali paitwapo Prolonged Drift, penye mto Nderit kusini ya Ziwa Nakuru, palivyopata alama GrJi1. Alama hiyo haina utamu wowote ulimini. Lakini shamba likiuzwa, haibadiliki; mji ukipewa jina jipya, haibadiliki; maoni ya wataalamu yakigeuka, haibadiliki. Tena haisemi umri, haisemi kabila, haisemi mvua. Inasema mahali tu, na kazi yake inaishia hapo.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuwakumbuka wanaokuegemea. Mwenye sura akibadili neno lake ana wajibu kwa kila sura iliyolitaja. Haitoshi kusahihisha nyumbani kwako na kunyamaza. Watu waandikao siku hizi vitabu vikubwa vya kueleza programu za kompyuta, ambavyo huandikwa na watu kumi au mia walio katika nchi mbalimbali, wamelijua jambo hili. Hawaandiki "tazama sura ya 7", kwa kuwa kesho mwenzao ataongeza sura katikati na ya 7 itakuwa ya 8. Kila sura hupewa lebo yake ya kudumu, na mwandishi huitaja lebo; kompyuta yenyewe huiweka nambari mwishoni, na lebo ikikosekana hupiga kelele ili mtu aje atazame. Lakini kompyuta haiwezi kujua kama sura iliyotajwa ingali inasema kweli. Huona tu kwamba mlango upo. Aliyemo ndani hana budi kuulizwa na mtu.

Tusiwahukumu vibaya wale waliotangulia. Kama Leakey na wenzake wangeandika majina ya zama peke yake, leo tusingekuwa na la kusahihisha, maana kazi yao yote ingeanguka pamoja na majina. Lakini walichora mashimo yao, wakaandika kila zana ilitoka tabaka gani, wakahifadhi mifupa na mawe. Vivyo hivyo Mary Leakey, aliyechimba kilima cha Hyrax Hill nje ya mji wa Nakuru mwaka 1937 na 1938: makaburi na nyumba za kale aliziandika kwa utaratibu, na waliokuja baadaye waliweza kurudi mahali palepale na kuuliza maswali mapya. Kilima hicho kilitangazwa kuwa mahali pa ukumbusho mwaka 1943, na tangu mwaka 1965 kina nyumba ya makumbusho. Hukumu zao nyingi zimepita. Maandishi yao ya mambo waliyoyaona kwa macho hayajapita.

Wewe nawe, msomaji, utaandika siku moja pamoja na wengine. Pengine itakuwa historia ya shule yenu, mmoja akiandika juu ya majengo, mwingine juu ya walimu, mwingine juu ya mashamba yaliyokuwapo kabla ya shule. Pengine itakuwa ripoti ya kazi, au kitabu. Utakapotaka kuandika kwamba mwenzako ameeleza jambo, nenda kwanza ukalione alilolieleza. Ukiona kwamba yeye naye amekutaja wewe kuwa shahidi wake, simameni nyote wawili mkatafute shahidi wa tatu. Ukiandika jina, jiulize kama ni jina la kitu au ni jina la maoni. Na ukigeuza neno lako, watafute waliolitumia.

Mabaharia wa pwani wana methali isemayo: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele; ngama ni pale chini kabisa ambapo maji yaliyovuja hukusanyika, na baharia, hata atembee wapi juu ya chombo, hana budi kurudi huko kuyateka na kuyamwaga, ama sivyo chombo kitazama pamoja na mizigo yake yote. Katika vitabu ngama ni lile tabaka, lile kaa la mkaa, lile neno la mzee lililoandikwa kama lilivyosemwa. Kila rejeo lifike huko.